Babu Ajayi: Maisha ya Askofu Samuel Ajayi Crowther

Jubilii ni wakati wa kuwakumbuka waliotutangulia. Tunapowashukuru wazee walioimba kabla yetu, tumeona vyema tuwasimulie pia habari za mzee mmoja wa Afrika Magharibi. Hakuwahi kufika Kenya, lakini kila Mwafrika anayemwimbia Mungu kwa lugha ya mama yake ana sababu ya kumshukuru.

Ajayi alizaliwa yapata mwaka 1809 katika mji wa Osogun, nchi ya Wayoruba, ambayo leo ni sehemu ya Nigeria. Mwaka 1821, akiwa kijana mdogo, wavamizi waliuteketeza mji huo. Akafungwa kamba shingoni pamoja na mama yake na dada zake, kisha wakatenganishwa. Aliuzwa mara kadhaa. Mara moja alibadilishwa kwa farasi, mara nyingine kwa tumbaku na pombe. Kuna usiku alipowaza kujitoa uhai, lakini Mungu hakuruhusu.

Mwishowe alinunuliwa na Wareno na kupakiwa katika merikebu ya watumwa. Tarehe 7 Aprili 1822, manowari ya Uingereza iitwayo Myrmidon, chini ya Kapteni Henry Leeke, iliikamata merikebu hiyo. Ajayi akashushwa Freetown, Sierra Leone, akiwa huru. Wakenya wa Pwani wataielewa habari hii, kwa maana Frere Town ya Mombasa ilianzishwa mwaka 1875 kuwapokea watumwa waliokombolewa kama yeye, na shirika la CMS lililomlea Ajayi ndilo lililowalea wale wa Mombasa.

Huko Freetown alijifunza kusoma kwa muda wa miezi michache tu. Alibatizwa mwaka 1825 akaitwa Samuel Crowther, lakini jina Ajayi hakulitupa. Mwaka 1827 alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa Chuo cha Fourah Bay. Akamwoa Susan, ambaye naye alikuwa amekombolewa kutoka utumwani, na Mungu akawajalia watoto.

Mzee huyu hakuwa mtu wa kukaa kitako. Mwaka 1841 alisafiri na msafara wa kupanda Mto Niger, ambamo Wazungu wengi walikufa kwa homa. Alirudi akiwa hai, akapadrishwa London mwaka 1843, kisha akarudi kwa watu wake, akakaa Abeokuta. Mwaka 1854 alipanda tena mto ule, na safari hiyo hakuna aliyekufa kwa homa, maana walitumia dawa ya kwinini. Mwaka 1857 chombo chao kiliharibika kwenye miamba ya mto, lakini yeye aliendelea na kazi. Mwaka 1867 alitekwa pamoja na mwanawe Dandeson na mtawala mmoja wa kando ya mto, aliyedai fidia. Walipookolewa, ofisa wa Kiingereza aliyekuja kuwasaidia alichomwa mshale wa sumu akafa. Hata hivyo askofu hakuacha kuupanda ule mto.

Lakini katika safari zote za habari hii, iliyo kubwa kwetu ni ile fupi ya mama yake kumtafuta mwaka 1846. Alipokuwa Abeokuta, habari zilimfikia mama yake, aliyekuwa katika mji wa jirani. Walikuwa hawajaonana kwa miaka ipatayo ishirini na mitano. Walipokutana hawakuweza kusema, walitazamana tu huku machozi yakiwatoka. Mwaka 1848 mama huyo alibatizwa akaitwa Hannah, jina la yule mama wa Biblia aliyempa Mungu mwanawe Samweli.

Sasa tuje kwenye kazi inayotuhusu sisi waimbaji. Crowther aliona kwamba Injili isiyosemwa kwa lugha ya nyumbani hubaki mlangoni kama mgeni. Akaanza kuandika Kiyoruba. Haikuwa kazi rahisi, kwa maana katika lugha hiyo kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana. Neno lililo karibu na "oko" kwa masikio ya mgeni laweza kuwa mume, jembe au mtumbwi, kufuatana na sauti. Mwimbaji aliyewahi kukosa noti moja anajua hatari yake. Basi Crowther aliketi na wazee, akasikiliza jinsi wanavyosema, akakusanya maneno na methali zao. Alitoa kamusi mwaka 1843, akaendelea na tafsiri ya Maandiko kwa miaka mingi, na Biblia nzima ya Kiyoruba ikakamilika katika miaka ya 1880. Aliandika pia vitabu vya kwanza vya kujifunzia Kiigbo. Alipopelekwa kwa Malkia Victoria mwaka 1851, alisali Sala ya Bwana kwa Kiyoruba, na Malkia akasema kuwa lugha hiyo ni laini na ina muziki ndani yake.

Tarehe 29 Juni 1864, katika Kanisa Kuu la Canterbury, aliwekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kianglikana. Miongoni mwa waliohudhuria ni Henry Leeke, yule kapteni aliyemtoa katika merikebu ya watumwa, sasa akiwa mzee. Mwezi Novemba mwaka huohuo binti yake Abigail alijifungua mtoto wa kiume, Herbert Macaulay. Mjukuu huyo alisomea uhandisi, akawa mpiga fidla hodari aliyeandaa tamasha za muziki nyumbani kwake Lagos, na baadaye akaongoza siasa za kuwatetea watu wake mbele ya serikali ya kikoloni. Babu alikuwa ameonyesha kuwa Mwafrika aweza kuongoza. Mjukuu hakuhitaji kufundishwa mara ya pili.

Hatutaficha sehemu ya uchungu. Katika uzee wake walikuja wamisionari vijana kutoka Uingereza ambao hawakuamini kwamba Waafrika wangeweza kuendesha kazi ya Niger wenyewe. Mwaka 1890 waliwashutumu wahudumu wake na kuwasimamisha kazi, Dandeson akiwa mmoja wao, na askofu mwenyewe akadhalilishwa mkutanoni. Alijiuzulu katika kamati, lakini hakulihama Kanisa. Alifariki Lagos tarehe 31 Desemba 1891. Nafasi yake alipewa Mzungu, na ilichukua miaka mingi kabla Mwafrika mwingine kupewa dayosisi yake mwenyewe. Mwaka 2014, katika ibada ya miaka 150 tangu awekwe wakfu, Askofu Mkuu wa Canterbury aliomba msamaha kwa niaba ya Kanisa, hapohapo Canterbury.

Msamaha huo haukumkuta hai. Hilo litufundishe jambo siku ya leo. Katika kwaya zetu wamo wazee waliotembea kwa miguu kwenda mazoezi, walionakili nyimbo kwa mkono, waliotufundisha sauti ya pili na besi. Nyakati nyingine sisi vijana tumewaona wamepitwa na wakati, tukawaweka kando bila hata kuwaaga vyema. Tusingoje miaka 150. Mwenye mzee wake amshike mkono leo, kabla keki haijakatwa, amwambie asante akiwa anasikia.

Nao wazee wetu wasife moyo. Babu Ajayi alifungwa kamba shingoni akiwa mtoto na kuaibishwa akiwa mzee, lakini mamilioni ya Wayoruba wanasali leo kwa maneno aliyoyatafuta kwa subira. Kazi yenu pia imo katika vinywa vya wajukuu wenu. Mtaisikia jioni hii tutakaposimama kuimba.