Sultani Hamud na Uso wa Nyumba

Safari yangu ya mwisho ya bara ilinipeleka Kitui. Wakati wa kurudi sikutaka kuifuata njia niliyojia, bali niliteremka kwa Mutomo hadi Kibwezi, katika Makueni, na hapo nikaishika barabara kuu ya Mombasa na Nairobi. Nilikuwa na haja Nairobi, kwa hivyo nikapanda nayo kupita Makindu na Emali, mpaka gari letu likasimama katika mji mdogo uitwao Sultan Hamud ili abiria wapate chai.

Kwa sisi watu wa pwani, jina hilo halipiti sikioni hivi hivi. Mtu akitoka Kilindini akalisikia likitajwa katikati ya nchi ya Wakamba, penye vumbi jekundu na ng'ombe wa Kimasai, lazima aulize limefikaje huko.

Nilipokuwa nikinywa chai, mwenye duka alinitambua kwa kofia yangu kuwa mtu wa Mombasa, akaja kuketi nami. Alikuwa na shida yake. Duka lake lilikuwa imara na mali imejaa ndani, lakini uso wake ulikuwa ukuta wa simiti usio rangi, na vumbi limepanda hadi madirishani. Abiria wakishuka walilipita, wakaingia duka la jirani lililopakwa rangi. Alitaka kujua sisi wa pwani tuna siri gani, hata nyumba zetu za kale humsimamisha mpita njia. Nilimjibu machache, kisha honi ikalia nikapanda gari.

Njiani nilifikiri kwamba mtu wa kumjibu sawasawa ni yule mwenye jina la mji wake. Ndipo nikaona niwaeleze wasomaji maisha yake kwa ufupi.

Sayyid Hamud bin Muhammad alizaliwa mwaka 1853. Alikuwa mjukuu wa Sayyid Said, yule aliyeuhamisha ufalme wake kutoka Maskat akauleta Unguja. Baba yake, Muhammad, hakupata kukalia kiti. Hamud alikua akiwaona ami zake wakishika enzi mmoja baada ya mwingine: Majid, Barghash, Khalifa na Ali. Alimuoa Bibi Khanfora, binti wa Sayyid Majid. Alifikia utu uzima bila ya kutawala.

Katika ami hao, aliyejua thamani ya uso wa nyumba ni Barghash. Mwaka 1883 alijenga Beit al-Ajaib ikiitazama bahari, kwa nguzo ndefu za chuma, roshani pana zilizoizunguka nyumba pande zote, na milango mikubwa iliyochongwa aya za Kurani. Mbele ya majumba yake palisimama mnara wa taa. Msafiri aliyekuja kwa jahazi au kwa meli aliyaona hayo kabla hajaona mtu, na moyoni mwake hukumu juu ya mwenyeji ilikwisha kupita.

Lakini tuseme kweli. Mapambo ya nyumba zile, na ya nyumba nyingi za mawe za Mombasa na Lamu, yalilipiwa kwa karafuu, pembe na jasho la watumwa. Pembe nyingine zilitoka huko huko nilikotoka mimi. Kivoi, mkubwa wa Wakamba wa Kitui aliyeuawa mwaka 1851, alikuwa akiongoza misafara ya pembe mpaka Mombasa. Hivyo bara na pwani zilijuana zamani, kabla ya garimoshi, na nakshi za milango yetu zina fungu la Ukambani ndani yake.

Tarehe 25 Agosti 1896 alifariki Sultani Hamad bin Thuwaini. Khalid bin Barghash akaingia jumba la mfalme akajitangaza sultani, bila ya ridhaa ya Waingereza ambao tangu mwaka 1890 walikuwa wameiweka Unguja chini ya himaya yao. Wakampa muda hadi saa tatu ya asubuhi ya tarehe 27. Hakutoka. Manowari zikafungua mizinga, na kabla ya saa moja kwisha vita vilikuwa vimemalizika. Watu wapatao 500 wa upande wa jumba waliuawa au kujeruhiwa. Khalid alikimbilia kwa Wajarumani, na siku ile ile Hamud, mtu wa miaka 43, akakalishwa kitini.

Fikiri, msomaji, urithi aliokabidhiwa. Beit al-Hukm ilikuwa magofu. Mnara wa taa ulikuwa umetobolewa. Ile forodhani ambayo Barghash aliipamba ili kila mgeni aistaajabie ilikuwa kama kinywa kilichong'olewa meno. Beit al-Ajaib peke yake iliponea kwa majeraha madogo.

Yaliyofanywa baada ya hapo ndiyo ningependa mwenye duka wangu ayasikie. Kwanza, kisichotengenezeka kiliondolewa. Mnara uliovunjika ulibomolewa, na mahali pa Beit al-Hukm hapakujengwa jumba jingine, bali pakawa bustani. Pili, kilichobaki kizima kilitunzwa. Tatu, mwaka 1897 Beit al-Ajaib ikatiwa kitu kimoja tu kipya katika uso wake: mnara wa saa, katikati, mbele, ukiitazama bahari. Kitu kimoja kilitosha. Jicho lililokuwa likihangaika juu ya safu ndefu za nguzo sasa lilipata pa kutulia, na bustani ya pembeni ikaipa nyumba nafasi ya kuonekana. Hamud mwenyewe akahamia humo, akaishi orofa ya juu.

Wako waliosema, na wako wanaosema hata leo, kwamba Hamud naye alikuwa uso wa nyumba tu. Mbele alionekana sultani na kilemba chake, na nyuma walikaa Waingereza, Lloyd Mathews akiwa waziri wa kwanza, wakiendesha mambo. Siwezi kuwakanusha. Aliyekalishwa na mizinga hana budi kuisikiliza.

Hata hivyo, alitia saini jambo ambalo ami zake hawakulifikia. Tarehe 6 Aprili 1897 alitoa amri iliyoufutia utumwa hadhi ya kisheria katika Unguja na Pemba. Amri hiyo ilikuwa na kasoro zake. Aliyetaka uhuru alipaswa kwenda kuuomba, bwana wake akalipwa fidia, na masuria hawakuingizwa. Huku kwetu bara ya pwani ilitubidi tungoje mpaka mwaka 1907. Lakini mlango ulifunguliwa, na uliofunguliwa chini ya jina la Hamud haukufungwa tena. Malkia wa Uingereza alimpa nishani. Katika sisi, familia nyingine zilinung'unika na nyingine zilishukuru, na wajukuu wa hawa na wale leo wanasali safu moja.

Katika miaka hiyo hiyo reli ilikuwa ikitambaa kutoka Mombasa kwenda bara. Ilianza mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Kambi ya maili ya 250 haikuwa na jina ila hesabu yake. Inaelezwa kwamba Sultani Hamud alikwenda kuitazama kazi, akafika hapo, na kambi ikaitwa kwa jina lake. Hakuacha jumba wala mnara, aliacha jina tu, nalo limedumu zaidi ya karne moja.

Sayyid Hamud alifariki tarehe 18 Julai 1902, baada ya kutawala karibu miaka sita, na mwanawe Ali akashika mahali pake. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Na ule mnara? Ulisimama miaka 123. Masultani wakapita, Waingereza wakapita, mapinduzi yakapita, na saa ingali usoni mwa nyumba. Lakini nyuma ya uso ule kuta zilikuwa zikichoka. Tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa kazini kuitengeneza nyumba, sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib iliporomoka pamoja na mnara. Wafanyakazi wawili walikufa. Mimi niliyeitazama nyumba ile tangu utotoni nilizipokea habari hizo kama tanzia ya jamaa.

Basi hili ndilo jibu langu kwa yule bwana wa Sultan Hamud, na kwa kila mwenye ukuta uliokosa haya. Usianze na rangi. Panda kwanza juu, uangalie mabati na mfereji wa paa, maana maji yakishuka ukutani hakuna rangi itakayokaa. Ziba nyufa zikiwa bado ni nyufa. Kisha kwangua ukuta, upake rangi nyeupe au ya maziwa, na chini, kiasi cha dhiraa mbili, piga mkanda wa rangi ya udongo, ili vumbi na matope ya Makueni yasionekane kuwa uchafu. Jenga baraza mbele, hata liwe jembamba, na upande mwarobaini wa kulipa kivuli, kwani mpita njia hupenda pale anapokaribishwa kuketi. Halafu chagua kitu kimoja cha kuvutia jicho, mlango mzuri kuliko vyote, nao uchongwe na fundi wa Kikamba, kwani Ukambani hakukosi mikono ya kuchonga. Usiongeze cha pili.

Sisi wa pwani hatuna siri nyingine. Tena tunayo aibu yetu, kwani tumesifu nakshi za mbele tukasahau boriti za ndani, na wazee wetu walikwisha tuonya juu ya uzuri wa mkakasi. Nikijaaliwa kupita tena njia ile, nitashuka niitazame nyumba ya yule bwana. Nitatazama paa kwanza.