Mwalimu George Washington Carver, Rafiki wa Wakulima Maskini

Mkulima akionyeshwa mbegu bora hufikiri moyoni mwake kwamba akiipata hiyo, umaskini wake umekwisha. Lakini alikuwako mtu aliyejaribu mbegu maisha yake yote, naye alijua ya kuwa mbegu peke yake haimwokoi mkulima. Habari zake ndizo hizi.

George Washington Carver alizaliwa utumwani yapata mwaka 1864, katika jimbo la Missouri, nchi ya Marekani. Alipokuwa angali mchanga, wanyang'anyi walimwiba pamoja na mama yake. Mtoto akapatikana, akarudishwa. Mama hakuonekana tena. Bwana Moses Carver na mkewe wakamlea. Mwili wake ulikuwa dhaifu, hakuweza kazi nzito za shamba. Basi akapata nafasi ya kuangalia mimea, hata majirani wakamletea mimea yao iliyougua ili aiponye.

Elimu aliipata kwa taabu. Chuo kimoja cha Kansas kilimkubali kwa barua, kisha kikamkataa kilipoiona rangi yake. Hakukata tamaa. Alifua nguo za watu apate fedha, akasoma ukulima huko Ames, jimbo la Iowa, akahitimu mwaka 1894, na mara ya pili mwaka 1896. Mwaka huo huo Booker T. Washington alimwita aje Tuskegee, katika Alabama, awe mwalimu wa ukulima.

Huko aliona mambo ya kuhuzunisha. Watu weusi walikuwa wamewekwa huru, lakini wengi walilima mashamba ya wengine na kulipa kwa sehemu ya mavuno. Mwenye duka aliwakopesha chakula na mbegu, na rehani yake ilikuwa pamba. Basi wakapanda pamba mwaka kwa mwaka, udongo ukachoka, deni likazidi.

Carver akapewa eka 10 za majaribio. Akapanda aina za viazi vitamu, kunde na pamba, apate kujua zipi zinazofaa katika udongo ule. Akaona kwamba hata aina njema hainawiri katika udongo uliochoka. Lakini kunde na karanga zina vifundo mizizini, ambamo bakteria hushika naitrojeni ya hewani; nazo humpa mkulima chakula na kuurutubisha udongo pia. Kwa hiyo akafundisha watu wabadilishe mazao, na kurutubisha shamba kwa majani yaliyooza na matope ya vinamasi, kwa maana vitu hivyo havina bei.

Tangu mwaka 1898 alitoa vijitabu vyenye maneno mepesi. Mwaka 1906 likatengenezwa gari la kukokotwa na wanyama, likachukua mbegu na vyombo vya kulimia mpaka vijijini, kwa wale wasioweza kuja shuleni. Mwaka 1910 fukusi wa pamba akaingia Alabama, akaharibu mashamba. Ndipo wengi walipoanza kuona faida ya kutotegemea zao moja. Mwaka 1916 Carver alitoa kijitabu cha karanga, chenye njia 105 za kuzitengeneza ziliwe.

Hata hivyo si wote walioweza kumfuata. Mwenye ardhi akidai pamba, na mwenye duka akikataa kukopesha ila kwa pamba, mpangaji angepanda karanga kwa ruhusa ya nani? Alijua lililo jema, lakini mkono wake ulifungwa na deni.

Carver alikufa tarehe 5 Januari 1943, huko Tuskegee. Hakuoa, wala hakutafuta utajiri. Akiba yake aliitoa kwa kazi ya uchunguzi, iendelee baada yake.

Basi tukipewa mbegu mpya, tuipokee kwa furaha, kisha tuulize maneno matatu: Je, udongo wetu utailisha? Je, maskini ataweza kuipata pasipo kuingia deni? Na je, mavuno yatakuwa ya nani?