Deni lililomrusha Paul MacCready angani

Mwaka 1976, injinia Mmarekani Paul MacCready alibanwa na deni la karibu dola 100,000. Alimdhamini mtu wa karibu mkopo, biashara ikafa, deni likamrudia yeye. Ndipo akakumbuka zawadi ya Kremer ya Uingereza: pauni 50,000 kwa ndege ya kukanyaga pedeli itakayopita njia yenye umbo la nane. Tangu 1959 hakuna aliyeipata. Na pauni hizo? Karibu dola 100,000 zilezile!

Wengine waliunda ndege maridadi za mbao. Moja ikianguka, ni miezi ya matengenezo. Yake, Gossamer Condor, ilikuwa mabomba ya alumini, waya na plastiki nyembamba: mabawa mita 29, uzito kama kilo 32 tu. Ikivunjika, wanapiga selotepu, inarudi hewani. Na ilivunjika kweli, tena na tena.

Agosti 23, 1977, huko Shafter, California, mwendesha baiskeli Bryan Allen alikanyaga kama dakika saba, zawadi ikapatikana. Mwaka 1979 Allen huyohuyo akavuka bahari kutoka Uingereza hadi Ufaransa kwa Gossamer Albatross, saa 2 na dakika 49.

MacCready alifariki 2007, akiwa na miaka 81.