Jean-Bosco Mwenda

Jean-Bosco Mwenda (anajulikana pia kama Mwenda wa Bayeke, Bunkeya, Katanga, 1930 – Zambia, Septemba 1990) alikuwa mpiga gitaa, mwimbaji na mtunzi wa nyimbo kutoka nchi inayoitwa leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Aliimba zaidi kwa Kiswahili cha Katanga. Anahesabiwa kati ya waanzilishi wa upigaji wa gitaa kavu kwa vidole katika Afrika ya Kati na ya Mashariki, na wimbo wake Masanga ni kati ya vipande vya gitaa vya Kiafrika vilivyochunguzwa zaidi na wataalamu wa muziki.

Asili na jina

Bunkeya, alikozaliwa, ulikuwa mji mkuu wa Msiri, mtawala wa karne ya 19 aliyetoka magharibi mwa Tanzania ya leo, katika nchi ya Wasumbwa na Wanyamwezi. Watu wake walifuata pembe za ndovu na shaba, wakaweka dola lao Katanga, wakaitwa Wayeke au Bayeke. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na msafara uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Mwenda lilikuwa mojawapo ya majina ya Msiri mwenyewe, na limeendelea kutumika kati ya watawala wa Wayeke. Kwa hiyo jina la mpiga gitaa huyu, ambalo kwa msikilizaji wa Dar es Salaam au Nairobi lilikuwa la Kikongo tu, lina mizizi ya upande huu wa Ziwa Tanganyika.

Kiswahili chake nacho kina historia yake. Kilifika Katanga kwa njia ya biashara ya misafara, kisha kikaenea katika kambi za wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière, walikokutana watu wa makabila mengi wasio na lugha moja. Ni Kiswahili ambacho msikilizaji wa pwani anakielewa kwa sehemu kubwa, ingawa sarufi yake inamshangaza mara kwa mara.

Santuri ya kwanza

Mwenda alikuwa bado kijana katika mji wa Jadotville (Likasi ya leo). Huko Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo ya kurekodi, alimsikia akipiga gitaa na kumrekodi. Nyimbo hizo zilitolewa na kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini kwa nembo ya Gallotone, zikauzwa katika nchi nyingi za Afrika. Mwaka 1952 Masanga ilipata tuzo ya Osborn, iliyotolewa kwa muziki bora wa Kiafrika.

Jina Masanga, au Masanga njia, linahusu mahali njia zinapokutana, yaani njia panda. Mwenda alitumia kidole gumba kwa nyuzi nene na kidole cha shahada kwa nyuzi nyembamba. Gumba linashika mwendo wa besi bila kusimama, na shahada inaimba juu yake kwa mapigo yanayokwenda kinyume na besi. Anayesikiliza kwa mara ya kwanza hudhani ni wapigaji wawili. Zaidi ya hayo, harudii sauti ileile kutoka mwanzo hadi mwisho: anaibadilisha kidogo kila anaporudi, ndiyo maana toleo moja la wimbo halifanani kabisa na jingine. David Rycroft alichambua upigaji huo noti kwa noti katika jarida la African Music mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wakati huo ilikuwa nadra sana mpiga gitaa wa Kiafrika kupewa kurasa nyingi namna hiyo.

Vyanzo vya mtindo wake vilikuwa vingi: ngoma na nyimbo za Katanga na Zambia, santuri za Kuba, na filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani zilizoonyeshwa katika miji ya migodi. Kati ya nyimbo zake nyingine ni Bombalaka na Tambala Moja.

Nairobi

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda alikwenda Nairobi. Edouard Masengo, ndugu yake na mpiga gitaa mwenzake, alikwenda huko pia, na kazi zao zilihusu matangazo ya vidonge vya maumivu vya Aspro. Mwenda alikuwa na kipindi chake redioni. Hakukaa Kenya muda mrefu, lakini pengine hakuna kipindi kifupi cha mgeni kilichowagusa zaidi wapigaji wa nchi hiyo. Vijana waliokuwa wakihangaika kuiga santuri zake sasa walimsikia redioni kila mara. Masengo alibaki Kenya kwa muda mrefu zaidi.

Gitaa lisilo la umeme huitwa gitaa kavu. Tanzania liliitwa pia galatoni, jina linalotokana na Gallotone, nembo ileile iliyokuwa kwenye santuri za Mwenda. Lilifaa kwa sababu halikuhitaji umeme wala bendi: mtu mmoja aliimba na kupiga, na mwenzake aligonga chupa tupu ya soda kwa msumari.

Miaka ya bendi za umeme

Zama za mpigaji wa peke yake zilipita upesi. Katika miaka ya 1960 magitaa ya umeme na bendi kubwa za rumba kutoka Kinshasa zilitawala redio na kumbi za dansi, na nyimbo za mtu mmoja na gitaa lake zikaanza kuonekana za kizamani. Katanga yenyewe ilikuwa imevurugika: ilijitangaza kuwa nchi Julai 1960 chini ya Moïse Tshombe, na vita vya kujitenga vikaisha Januari 1963.

Mwenda hakuhamia Kinshasa kutafuta nafasi katika bendi hizo. Alibaki Lubumbashi, akaongoza bendi yake ya Super Shaba, na baadaye akawa na hoteli karibu na mpaka wa Zambia. Hakutegemea gitaa peke yake kwa riziki, na huenda ndiyo sababu aliweza kuendelea kupiga alivyotaka. Serikali ya Mobutu ilipopiga marufuku majina ya Kikristo mwaka 1972, jina la Mwenda wa Bayeke ndilo lililotumika.

Nje ya Kongo hakusahauliwa. Mwaka 1969 alipiga katika Tamasha la Newport nchini Marekani. Mwaka 1979 mpiga gitaa Mwingereza John Low alisafiri hadi Lubumbashi ili kujifunza kwake, akaandika kitabu kuhusu safari hiyo, Shaba Diary. Mwaka 1982 Mwenda alizuru Ulaya, na mtafiti Gerhard Kubik pia alirekodi upigaji wake.

Mwaka 1988 alirekodi albamu studioni Cape Town, Afrika Kusini, akirudia nyimbo za ujanani kwa mkono wa mtu mzima. Mwendo wake humo ni wa taratibu kuliko katika santuri za zamani.

Mwenda alifariki katika ajali ya gari nchini Zambia mnamo Septemba 1990. Albamu ya Cape Town ilitolewa Marekani na kampuni ya Rounder mwaka 1994, miaka minne baada ya kifo chake.