Soichiro Honda: Mtoto wa mhunzi aliyefundishwa na oili inayovuja

KWA mkulima anayepeleka maziwa au mboga sokoni kwa pikipiki, tone la oili chini ya injini ni hasara inayoanza kidogo kidogo. Wengi hawajui kuwa tatizo hilo hilo liliwahi kuitikisa kampuni ambayo jina lake limeandikwa kwenye matangi ya pikipiki duniani kote. Mwanzilishi wake, Soichiro Honda, alikuwa mtoto wa mhunzi.

Honda alizaliwa Novemba 17, 1906 katika kijiji cha Komyo, ambacho sasa ni sehemu ya mji wa Hamamatsu, Japani. Baba yake, Gihei, alikuwa mhunzi na pia alitengeneza baiskeli. Siku moja gari lilipita kijijini, na lilikuwa la kwanza kwa mtoto huyo kuliona. Alilikimbilia kwa nyuma, na mahali liliposimama akakuta oili imedondoka. Aliinama akainusa na kujipaka mikononi.

Mwaka 1922 alikwenda Tokyo kujifunza ufundi katika gereji iliyoitwa Art Shokai. Mwanzoni hakupewa spana, bali alifagia na kumlea mtoto wa mwenye gereji. Alivumilia. Mwaka 1928 akaaminiwa kufungua tawi la gereji hiyo mjini Hamamatsu.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 aliingia katika utengenezaji wa ringi za pistoni. Hapo ndipo alipoangukia pua. Kati ya ringi 50 alizozipeleka Toyota kupimwa, 3 tu zilifaa. Akiwa mtu mzima mwenye biashara yake, alirudi darasani katika shule ya ufundi kujifunza sayansi ya madini, kwa sababu aligundua kuwa mikono hodari peke yake haitoshi.

Vita na tetemeko la ardhi la Januari 1945 viliharibu viwanda vyake. Aliuza kilichobaki kwa Toyota. Mwaka 1946 alianza upya kwa kufunga kwenye baiskeli injini ndogo zilizokuwa za kuendeshea mitambo ya redio za jeshi. Watu waliokosa usafiri baada ya vita walizigombania. Septemba 1948 ilizaliwa kampuni ya Honda, na mwaka uliofuata akajiunga naye Takeo Fujisawa, aliyeshika fedha na mauzo huku Honda akibaki kwenye injini.

Kutoka injini za kusaidia baiskeli, kampuni ilipanda hatua kwa hatua hadi injini za sentimita za ujazo 250 na 305. Mwaka 1959 ilifungua ofisi Los Angeles, Marekani. Serikali ya Japani iliruhusu dola 250,000 tu zitoke nchini kwa kazi hiyo, na chini ya nusu yake ndiyo iliyokuwa fedha taslimu.

Mapema mwaka 1960 zikaja habari mbaya. Pikipiki kubwa walizouza zilikuwa zinavuja oili na klachi zinakufa. Sababu ilikuwa matumizi. Wamarekani waliziendesha mbali zaidi na kwa kasi zaidi kuliko Wajapani, na injini iliyostahimili safari fupi za nyumbani ikashindwa na joto la safari ndefu.

Kampuni changa yenye fedha kidogo ingeweza kuwalaumu wateja. Badala yake, pikipiki zilizoharibika zilirudishwa Japani kwa ndege, gharama ambayo ilikuwa mzigo mkubwa. Mafundi walizijaribu kwa kuiga uendeshaji wa Wamarekani. Ndani ya mwezi mmoja walipata gasketi mpya ya silinda hedi na springi mpya za klachi, na tatizo likaisha. Wakati huo huo pikipiki ndogo ya Super Cub, iliyotolewa mwaka 1958, ikawafungulia soko. Kufikia mwaka 2017 Super Cub zilizotengenezwa zilitimia milioni 100.

Kisa hiki kinamhusu moja kwa moja mwenye pikipiki aliyebadilisha silinda na pistoni ili abebe gunia la ziada. Injini ikiongezewa nguvu, joto na mgandamizo navyo huongezeka, na kila kiungo dhaifu hujitokeza. Kabla ya kumlipa fundi afungue injini, ioshe, ikauke, iwashe kwa dakika chache, kisha tafuta sehemu ya juu kabisa yenye unyevu wa oili. Oili hushuka, kwa hiyo inapodondokea si lazima iwe inapotokea.

Angalia kwanza kama oili imezidi kipimo na kama mpira wa kupumulia injini umeziba. Ukiziba, msukumo wa ndani hufukuza oili kupitia sili na gasketi zilizo nzima. Ringi zisizolingana na silinda nazo huleta msukumo huo huo, na hapo kubadilisha sili ni kupoteza fedha. Kama uvujaji uko kwenye hedi, gasketi ya zamani isirudishwe. Nyuso za chuma zisafishwe na zipimwe kama zimenyooka, na bolti zikazwe injini ikiwa baridi, kwa kukingamisha na kwa awamu, kufuata kipimo cha mtengenezaji. Gundi nyingi ya gasketi si dawa, kwani ziada yake inaweza kuziba njia za oili na kuua injini nzima.

Kwa hesabu za biashara, gasketi mpya ni gharama ndogo. Gharama kubwa ni injini kukauka oili katikati ya safari, mzigo ukaoza na mteja akahamia kwa mwingine.

Honda alistaafu mwaka 1973 na kufariki dunia Agosti 5, 1991. Aliacha kampuni iliyotengeneza pikipiki nyingi kuliko nyingine yoyote duniani. Msomaji ambaye asubuhi amekuta tone la oili chini ya pikipiki yake asilifunike kwa mchanga, bali alifuate hadi linapotoka.