Siti binti Saad na santuri zake za kwanza

Msikilizaji wetu wa Bombambili na vijiji vya jirani, taarabu unayoicheza kwenye simu leo ina bibi yake. Bibi huyo ni Siti binti Saad wa Zanzibar. Mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay, India, kurekodi santuri zake za kwanza kwa kampuni kubwa ya Uingereza, His Master's Voice. Leo tunaeleza alikotoka na kwa nini safari ile ilibadili muziki wetu.

Muuza vyungu wa Fumba

Alizaliwa kijijini Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, enzi za utumwa. Jina alilopewa na wazazi wake ni Mtumwa. Siti ni jina la heshima alilolipata baadaye, alipokwisha kujulikana. Hakusoma. Alikuwa akiuza vyungu, akivitembeza kwa miguu hadi mjini, na watu walianza kuijua sauti yake pale alipokuwa akinadi biashara.

Mwaka 1911 alihamia mjini na kukaa Ng'ambo, upande wa watu wa kipato cha chini. Huko alikutana na Ali Muhsin, mwanamuziki wa Nadi Ikhwani Safaa. Chama hicho cha taarabu kilianzishwa 1905, mwaka uleule ambao vita vya Majimaji vilianza huku kwetu bara. Ali Muhsin ndiye aliyemfundisha kuimba taarabu. Baadaye Siti akawa na kundi lake, pamoja na Maalim Shaaban, Subeti bin Ambar, Mbaruku Effandi na Budda bin Mwendo.

Taarabu ya wakati huo ilikuwa ya jumba la Sultani, na iliimbwa kwa Kiarabu. Siti aliweza kuimba Kiarabu kwa kukariri, lakini aliishusha taarabu hadi barazani, akaiimba kwa Kiswahili. Wapo waliomcheka kwa sura yake, kwa asili yake na kwa vyungu vyake. Hakuacha kuimba.

Safari ya Bombay

Santuri za siku hizo hazikuwa na nyimbo nyingi kama albamu za leo. Kila upande ulibeba takriban dakika tatu tu, hivyo wimbo uliozoeleka kuimbwa kwa muda mrefu usiku ulibidi ufupishwe. Gramafoni yenyewe ilizungushwa kwa mkono, haikuhitaji umeme. Ndiyo maana mtu mmoja akiwa nayo mkahawani, mtaa mzima ulisikia.

Siti anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodi santuri. Kufikia mwaka 1931, santuri zake na za wenzake zipatazo 72,000 zilikuwa zimeuzwa. Wafanyabiashara wakaona kwamba Kiswahili kinauzika. Kampuni nyingine za Ulaya, kama Odeon, Pathé na Columbia, nazo zikaja kutafuta waimbaji wa Kiswahili.

Jambo kubwa zaidi ni yale aliyoyaimba. Wimbo wake Kijiti ulihusu kesi ya mauaji ya mwanamke mgeni aliyetoka bara. Mtuhumiwa alitoroka, na wanawake waliotoa ushahidi ndio waliofungwa. Watu wasio na nafasi ya kusema mahakamani walisikia malalamiko yao yakiimbwa hadharani.

Kilichobaki

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Kabla ya hapo, mwandishi Shaaban Robert alizungumza naye, na kitabu chake, Wasifu wa Siti binti Saad, kinasomwa hadi leo. Chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, kililipa jarida lake jina la Sauti ya Siti.

Hata hivyo, kati ya kuhamia mjini na kurekodi ilipita miaka 17. Nyimbo nyingi za miaka hiyo zilibaki masikioni mwa waliokuwepo, na wao pia wameshaondoka. Bibi na babu zetu wa hapa Songea nao wana nyimbo za lizombe ambazo hazijarekodiwa popote. Siti alilazimika kwenda hadi India ili sauti yake ihifadhiwe. Wewe simu unayo mkononi. Waombe wazee ruhusa, warekodi, na uandike jina la mwimbaji na la kijiji chake.