Winogradsky na bakteria wanaoishi kwa chuma

Waliozoea baraza za Mji wa Kale, Mombasa, wanalijua dele la shaba la muuza kahawa. Wachache hukumbuka kwamba katika miaka ya 1960, upande wa pili wa kisiwa hicho, Kilindini ilikuwa ikipakia melini shaba ya Kilembe, Uganda, iliyoyeyushwa Jinja na kuletwa kwa reli. Machimbo hayo yaliposimama mwaka 1982, Kasese palikuwa na lundo la mabaki la karibu tani milioni moja, lenye chuma, salfa na kobalti. Elimu iliyokuja kulinufaisha lundo hilo ilianza na mtu aliyetaka kuwa mpiga piano.

Sergei Winogradsky alizaliwa Kiev mwaka 1856. Alianza sheria akaiacha, akajifunza piano St Petersburg, nayo akaiacha, ndipo akatulia kwenye sayansi. Akiwa Strasbourg, mwaka 1887 alionyesha kwamba wako bakteria wanaojipatia nguvu kutokana na salfa; mwaka uliofuata akasema wako wanaoipata kutokana na chuma. Kiumbe hai asiyetegemea jua, jani wala nyama! Dai la chuma lilipingwa vikali. Hans Molisch alieleza kwamba bakteria wale waliweza kumea hata pasipo chuma, na katika hilo Winogradsky hakuwa na jibu la kutosha.

Jibu lilipatikana Marekani mwaka 1947. Colmer na Hinkle walikuta, katika maji makali yatokayo kwenye machimbo ya makaa ya mawe, bakteria wapendao asidi ambao kweli huishi kwa kuunguza chuma.

Jamaa za bakteria hao ndio waliofugwa Kasese kuanzia mwaka 1999, ndani ya matangi ya asidi yanayopulizwa hewa, wakaivunjavunja michanga ya lundo lile na kuiachilia kobalti. Kabla ya hapo walikuwa wakifanya kazi hiyo bila msimamizi: kila mvua iliponyesha, asidi ilitiririka kutoka kwenye lundo hadi Hifadhi ya Malkia Elizabeth na kuunguza mimea.

Winogradsky mwenyewe aliikimbia Urusi baada ya mapinduzi, akapokewa na Taasisi ya Pasteur mwaka 1922. Alifanya utafiti wa udongo Brie-Comte-Robert, karibu na Paris, hadi uzeeni. Alifariki huko mwaka 1953 akiwa na umri wa miaka 96, miaka mitatu kabla ya reli kufika Kasese.